Ukuta wa mpaka unavimba, unalala au unatoa maji: kutafuta chanzo kwenye viwanja vya mteremko Mombasa

Masika yakishika mwezi wa Aprili, na zaidi Mei ambao ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote Mombasa, malalamiko ya kuta za mpaka huwa yale yale, iwe ni Chaani, Mikindani, Tudor, Likoni au Mishomoroni. Jirani wa juu asema ua wake unazama. Jirani wa chini asema ukuta unamjia. Mara nyingi wote wawili wasema kweli, na chanzo ni kimoja: maji yamekwama nyuma ya ukuta na hayana pa kutokea.

Chukua ukuta wa kimo cha mita 2 ulioshikilia mchanga mkavu. Kila mita moja ya urefu wake husukumwa kwa nguvu ya kama tani 1.2. Nyuma yake pakijaa maji hadi juu, nguvu hiyo hufika kama tani 2.5. Hakuna aliyeongeza hata karai moja ya udongo, lakini ukuta sasa wabeba mara mbili ya mzigo wa jana. Kimo nacho kina hesabu yake: ukuta ukipandishwa mara mbili, msukumo huwa mara nne, na nguvu ya kuupindua huwa mara nane. Ndiyo maana fundi aliyejenga vizuri ukuta wa mita 1 anaweza kushindwa kabisa na wa mita 2 kwa mtindo ule ule.

Basi dalili yoyote utakayoiona, anza kwa kutafuta maji. Simiti ya kuziba nyufa iache kwanza.

Kwanza jua ni ukuta wa aina gani

Kosa linalojitokeza kuliko yote si la ukuta mbovu. Ni ukuta uliopewa kazi isiyo yake. Mtu alijenga uzio wa bloku za inchi 6 wakati ardhi ilikuwa sawa pande zote mbili. Miaka ikapita, wa juu akataka kusawazisha ua wake apate pa kuegesha gari, akamwaga kifusi lori baada ya lori hadi kikaufikia ukuta. Uzio ukageuzwa ukuta wa kuzuia udongo bila nondo, bila msingi mpana, bila hata tundu moja la kutolea maji.

Pima kimo cha ardhi upande wa juu na upande wa chini. Tofauti ikizidi nusu mita na ukuta ni wa bloku moja tu, usingoje ufa: ukuta huo tayari uko hatarini. Ukuta wa mawe unaozuia udongo kwa uzito wake huhitaji kitako chenye upana wa kama nusu hadi theluthi mbili ya kimo chake. Ule wa zege na nondo waweza kuonekana mwembamba, lakini chini ya ardhi una sahani pana ya msingi inayokaribia kipimo hicho hicho.

Udongo nao utazame. Changamwe, Mikindani hadi Miritini, chini kuna mwamba laini wa tabaka tabaka ambao ukilowa na kukauka mara nyingi huoza ukawa mfinyanzi. Mfinyanzi huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, na ukishalowa huchukua muda mrefu kukauka. Kisiwani, Nyali na ufuoni Likoni kuna matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi lakini yana mapango. Mchanga mtupu hauvimbi, ila huhama na maji kupitia tundu dogo sana.

Dalili: ukuta unatoa maji, una unyevu au chumvi nyeupe

Tofautisha mambo mawili. Maji yanayotoka kwenye matundu baada ya mvua ni habari njema, kwa kuwa ukuta unafanya kazi yake. Maji yanayotoka *kati ya mawe*, au ukuta kuwa na kivuli cha unyevu hadi kiunoni huku matundu ni makavu, ni habari mbaya.

*Chanzo cha kwanza: matundu yamezibwa.* Mara nyingi yamezibwa na mtu kwa mkono wake. Wa chini amechoka na maji machafu yanayomwagikia jikoni kwake kila mvua ikinyesha, akachukua matambara na simiti akaziba paipu zote. Namwelewa, kwa sababu hakuna aliyemwekea mtaro. Lakini hapo amejifungia maji juu ya kichwa chake. Utalijua tundu lililozibwa hivi: ukingo wa paipu ya plastiki umezungukwa na simiti ya rangi tofauti, chini yake kuna mstari wa zamani wa ukungu wa kijani ulioshuka hadi chini na sasa umekauka, na sentimita chache pembeni jiwe linatoa jasho.

Kuzibua: ngoja siku kavu. Simama pembeni ya tundu, si mbele yake. Tumia nondo nyembamba, anza na tundu la chini la mwisho wa ukuta, kisha nenda moja moja. Maji yaliyokaa nyuma hutoka kwa kishindo na tope. Ukuta ukiwa tayari umevimba au umelala, usizibue mwenyewe. Mwite injinia aamue mpangilio.

*Chanzo cha pili: maji ya paa na ua wa juu.* Panda juu mvua ikinyesha, ukiwa na mwavuli na simu ya kupigia picha. Gata inamwaga wapi? Sakafu ya ua imeinamia ukuta au imeinamia barabara? Kurefusha bomba la gata hadi mtaroni ni kazi ya nusu siku, na yaweza kumaliza tatizo zima.

*Chanzo cha tatu: paipu au tanki linalovuja.* Maji yakitoka ukutani hata Februari, wakati wa kiangazi, hayo si ya mvua. Siku ya zamu ya maji, funga mifereji yote ya nyumba ya juu, funga na paipu ya kuingia tankini, kisha tazama mita. Ikizunguka, maji yanapotea chini ya ardhi. Kwa tanki, weka alama ya kimo cha maji usiku, usitumie, utazame asubuhi.

*Chanzo cha nne: shimo la choo.* Sehemu kubwa ya bara ya Mombasa haina bomba la maji taka, kila nyumba ina septiki na shimo lake la kunyonya. Shimo likichimbwa karibu na ukingo, maji yake hufuata mteremko hadi ukutani. Harufu yaweza kukujulisha, lakini si kila mara. Mwaga rangi ya chakula nyingi chooni kwa wa juu, kisha tazama matundu kwa siku mbili tatu. Rangi ikitokeza, shimo lihamishwe. Watoto wasicheze kwenye maji hayo hata kidogo.

Ukuta usio na matundu kabisa huhitaji kutobolewa na fundi anayejua. Paipu ziwe za kama milimita 75, kila mita 1.5 hadi 2, zimeinamia nje kidogo, safu ya chini ikiwa kama sentimita 15 juu ya ardhi ya chini. Nyuma yake pawekwe kokoto safi upana wa sentimita 30, zikiwa zimefunikwa kitambaa cha kuchuja. Bila kitambaa, tope litaziba kokoto baada ya misimu michache. Na chini ya matundu pajengwe mtaro wa kupeleka maji nje ya kiwanja cha jirani. Mtaro huo ukikosekana, wa chini ataziba tena, na sitamlaumu.

Dalili: ukuta umeota tumbo, au unalala upande wa chini

Hapa usikadirie kwa jicho. Kwa upande wa jirani wa chini, funga timazi juu ya ukuta, acha uzi ushuke hadi karibu na ardhi, upime nafasi kati ya uzi na ukuta juu, katikati na chini. Andika vipimo na tarehe kwa kalamu ya rangi hapo hapo ukutani. Rudia kila wiki msimu wa mvua. Nafasi ya katikati ikiwa ndogo kuliko ya juu na ya chini, ni tumbo. Nafasi ikizidi kuongezeka kuelekea chini, ukuta unalala.

Jambo moja linalowapita wengi: kuta nyingi za mawe hujengwa zikiwa zimeegemea mlima kidogo kwa makusudi. Ukuta wa namna hiyo ukiukuta leo umesimama wima kabisa, usifurahi. Umeshasogea.

Vyanzo, kuanzia kile kinachoonekana zaidi:

1. Maji, kama ilivyoelezwa juu. Tumbo linalotokea au kukua msimu wa mvua ni la maji hadi ithibitike vinginevyo.

2. Mzigo ulioongezwa juu. Tanki la lita 10,000 likijaa ni tani 10, na watu huliweka pembeni kabisa mwa kiwanja ili lisile nafasi. Vivyo hivyo lori la kokoto lililomwagwa ukingoni, chumba cha nje kilichojengwa juu ya ukuta, au safu sita za bloku zilizoongezwa ili watoto wa juu wasianguke. Kipimo chepesi: mzigo mzito ukae mbali na ukuta si chini ya kimo cha ukuta wenyewe. Tanki waweza kulimwaga na kulihamisha wiki hii hii. Hilo ni tiba ya kweli.

3. Ukuta mwembamba kuliko kimo chake, au wa uzio uliogeuzwa kama nilivyosema. Hapa hakuna ukarabati wa plasta. Ama kifusi kipunguzwe, ama ukuta mpya usanifiwe.

4. Mfinyanzi uliojazwa nyuma yake. Wajenzi hurudisha udongo ule ule waliochimba kwa sababu ni wa bure.

5. Mizizi. Mwarobaini hukua haraka na watu huupenda kwa kivuli na dawa, lakini ukiota hatua mbili kutoka ukutani utausukuma. Kuukata ghafla ni tatizo jingine, kwa kuwa mizizi ikioza huacha njia za maji. Kata matawi kwanza, uulizie kuhusu shina.

Kuna tiba moja inayopendwa ambayo naomba uiache: kujenga nguzo za bloku upande wa chini ziukinge ukuta. Nguzo isiyofungwa na ukuta kwa nondo, isiyo na msingi wake, husimama hapo kama mgeni. Ukuta ukishuka hushuka nayo, na sasa kuna mawe mengi zaidi ya kumwangukia mtu.

Dalili: nyufa

Ufa hueleza chanzo kwa umbo lake. Pitisha kidole juu yake: ukihisi mdomo mmoja umetangulia mbele ya mwingine, ukuta unasukumwa, haujapasuka tu.

Ufa wa *wima*, mwembamba, upana ule ule juu na chini, kwa kawaida ni ukuta mrefu uliokosa viungo vya kuachia, yaani nafasi za ukuta kutanuka na kusinyaa. Kila mita 6 hadi 10 panatakiwa kiungo. Huu si wa kutisha. Safisha, jaza, endelea kuutazama.

Ufa wa *ngazi*, unaofuata simiti kati ya bloku, wasema upande mmoja wa msingi unashuka. Tafuta mahali maji yanapozama karibu na kona hiyo, au penye matumbawe, tafuta shimo lililofunguka chini.

Ufa wa *mlalo* kwenye sehemu ya chini ya ukuta ndio wa kuogopa. Udongo unaukunja ukuta, na ukuta wa bloku bila nondo haukunjiki mara mbili.

Kujua kama ufa ungali hai, bandika kipande chembamba cha kioo kiuvuke, ukikishika ncha zote mbili kwa simiti, uandike tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Ufa uliozidi milimita 5, au wowote ule wa mlalo, mwite injinia kabla ya kuujaza. Plasta mpya humfichia mtu alichokuja kukitazama.

Dalili: ua wa juu unazama nyuma ya ukuta

Mara nyingi ni kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa. Kifusi hutandazwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ikashindiliwa, na wengi humwaga chote kwa siku moja. Kuzama kwa namna hii hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

La pili ni udongo kutoroka kupitia matundu. Shuka chini utazame: kila tundu lina kilima kidogo cha mchanga chini yake? Basi kokoto na kitambaa vimekosekana. Kujaza mashimo juu hakutasaidia, kwani utakuwa wamlisha jirani mchanga kila msimu. La tatu, paipu iliyopasuka. La nne, pango la matumbawe, ambalo huonekana kwa shimo kufunguka ghafla na kingo zake kusimama wima. Usimwage simiti humo bila kujua linaelekea wapi. Weka kizuizi, uite mtaalamu.

Ukiona ufa mrefu ardhini *sambamba na ukuta*, hatua kadhaa nyuma yake, na zaidi ukiwa umejipinda mfano wa mwezi mwandamo, hapo mteremko wenyewe umeanza kushuka. Funika ufa kwa turubali ili mvua isiingie, elekeza maji kwingine, na uondoke hapo.

Dalili: msingi umetokeza upande wa chini

Ama maji ya gata ya wa chini yamechimba, ama yeye mwenyewe amechimba kutafuta nafasi ya chumba. Udongo ulio mbele ya kitako cha ukuta ndio unaouzuia usiteleze, hata kama waonekana hauna kazi. Kwa mmomonyoko mdogo, rudisha udongo, ushindilie, utengeneze sakafu yenye mtaro. Lakini mtu akishachimba chini ya kimo cha msingi wa ukuta, kazi isimame. Kuongeza msingi chini ya ukuta hufanywa kwa vipande vya kama mita moja, kimoja hapa, kingine mbali, kamwe si mtaro mmoja mrefu. Mafundi wamefukiwa hai kwenye mitaro ya namna hiyo. Kina kikipita mita 1.2, mtu asishuke bila kingo za mbao, wala asiwe peke yake.

Dalili: madoa ya kutu, zege linabanduka

Ni chumvi ya bahari, au mchanga wa ufuoni uliotumika kuchanganya zege, au nondo kufunikwa kidogo mno. Nondo za ukuta ulioshika udongo karibu na bahari zapaswa kufunikwa kwa zege la milimita 40 hadi 50. Kubandua na kupiga plasta hakuirudishi nondo iliyolika. Nguvu iliyobaki hupimwa na injinia.

Acha kila kitu, uondoe watu, ikiwa:

- kipimo cha timazi kimebadilika ndani ya siku moja au mbili;
- matundu yaliyokuwa yakitoa maji safi yameanza kutoa tope, au yamekauka ghafla mvua ikiendelea;
- mlango au geti karibu na ukuta limekwama bila sababu;
- mawe yanadondoka, au wasikia mlio wa kukwaruza usiku;
- nguzo ya umeme juu ya mteremko imeanza kuinama.

Watu wa chini wakae mbali na ukuta si chini ya mara mbili ya kimo chake, na chumba cha kulala kilicho ndani ya umbali huo kihamwe usiku huo. Wa juu pia waondoke ukingoni. Nambari za dharura ni 999 na 112. Kwa nguzo, waite Kenya Power, msiiguse.

Injinia awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, na mkandarasi awe na usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Ukuta mpya wahitaji kibali cha kaunti, na ramani yenye sahihi ya injinia ndiyo itakayokulinda baadaye.

Ukuta ni wa nani?

Msigombane kabla ya bikoni, yaani alama za mpaka, kuonekana. Sava (mpima ardhi) azitafute kwanza, kwa kuwa kuta nyingi zimejengwa nje ya mstari. Mkikosa kuelewana juu ya mpaka, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yawapeleka kwa msajili wa ardhi kwanza. Mahakama haisikilizi ugomvi wa mpaka ambao haujabainishwa kwa utaratibu huo. Kuhusu mzigo, sheria ya kawaida (common law, ile inayotokana na hukumu za mahakama) yampa mwenye ardhi haki ya ardhi yake kushikiliwa na ya jirani, ila haki hiyo ni ya ardhi katika hali yake ya asili. Kifusi ulichomwaga mwenyewe ni jukumu lako. Aliyechimba chini naye ana jukumu la alichokiondoa.

Mombasa kuna jambo la ziada: nyumba nyingi zimesimama kwenye ardhi ya mtu mwingine, mwenye nyumba akilipa kodi ya ardhi. Hapo mwenye ardhi lazima ahusishwe kwa maandishi kabla ya kuchimba msingi wowote, la sivyo kazi yasimamishwa katikati na ukuta ukiwa wazi, hali ambayo ni mbaya kuliko ya mwanzo.

Nenda kwa jirani Machi, kabla ya mvua, na vipimo vyako mkononi. "Salaam alekum, mzee. Mvua zaja, na ukuta wetu nimeupima. Twende tuutazame pamoja." Neno "wetu" lamfungulia mlango hata asiyetaka kusikia. Mkikubaliana, andikeni karatasi moja fupi yenye sahihi za wote wawili na shahidi: nani azibua matundu kila Machi na Septemba, nani asafisha mtaro wa chini, gharama ya injinia yagawanywa vipi, na kwamba hakuna tanki wala kifusi kitakachowekwa ukingoni bila mwenzake kujua.